Mifugo Wanunuliwe Wangali Wanatembea

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ukame wa kaskazini mwa Kenya, kwa sababu mara nyingi huzungumzwa ukiwa umekwisha kuua. Nilifanya kazi ya uafisa wa mifugo kwa zaidi ya miaka thelathini, Isiolo na Marsabit, tangu zikiwa wilaya hadi zikawa kaunti, na sasa nimestaafu na kurudi kufuga. Katika muda huo wote sijaona ukame hata mmoja uliotuvamia usiku kama mwizi. Huja polepole, mchana, ukionekana na kila mtu. Wazee huuona katika mti usiochanua na katika ng'ombe anayerudi jioni ubavu ukiwa umebonyea, na maafisa wa serikali huuandika na kuutangaza. Kinachochelewa ni fedha. Kati ya siku ya tangazo na siku ya fedha kuna miezi, na ni katika miezi hiyo ndipo mifugo hufa, watoto hukonda, na vijana waliofilisika huanza kuhesabu risasi.

Msomaji aliye Nairobi au Mombasa huenda hajui kwamba nchi hii ina utaratibu mzuri wa kutoa ilani mapema. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2016, hutoa taarifa kila mwezi kwa kaunti 23 zilizo kame na nusu kame. Ndani ya taarifa hizo utakuta kiasi cha mvua iliyonyesha, hali ya malisho kama ilivyopimwa kwa satelaiti, umbali ambao watu na mifugo hutembea kufika majini, kiasi cha maziwa kinachobaki nyumbani, na mzingo wa mikono ya watoto wa chini ya miaka mitano, unaoonyesha kama wamekonda. Kisha kaunti hutajwa iko katika hatua gani: kawaida, tahadhari, hatari, dharura au ahueni. Nimezisoma taarifa hizo kwa miaka mingi, na mara nyingi zilinieleza kwa usahihi yale niliyoyaona malishoni wiki hiyohiyo.

Kipimo ninachokithamini kuliko vingine vyote humo ni bei ya mbuzi ikilinganishwa na bei ya mahindi. Mfugaji hachinji mbuzi kila siku kama wengi wanavyodhani. Humuuza, akanunua unga, sukari na majani ya chai, akalipa karo, akamnunulia mgonjwa dawa. Kwa hiyo shibe ya nyumba yake hutegemea mbuzi mmoja ataleta kilo ngapi za mahindi. Ukame unapokaza, mbuzi hukonda na kila mtu hukimbilia kuuza, bei ikaporomoka. Wakati huohuo mahindi, ambayo husafirishwa kwa lori kutoka mbali, hupanda bei. Nimeshuhudia mwaka ambao mbuzi aliyeleta unga wa mwezi mzima mwezi wa kwanza hakuweza kuleta hata wa wiki moja ulipofika mwezi wa tisa. Mwenye mbuzi huyo alikuwa bado na mifugo wake wote zizini, hakuna aliyekufa, hakuna mzoga wa kupigwa picha, lakini watoto wake walikuwa wakilala kwa chai ya rangi.

Tuutazame ukame uliotuumiza karibuni. Mvua za Oktoba hadi Disemba 2020, ambazo Waborana huziita Hagaya, hazikutosha. Za Machi hadi Mei 2021, ambazo huziita Ganna, nazo hazikutosha. Tarehe 8 Septemba 2021 Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alitangaza ukame huo kuwa janga la kitaifa, na baada ya tangazo hilo misimu mitatu zaidi ikapita vivyo hivyo, ikawa mitano mfululizo. Kufikia mwisho wa mwaka 2022 watu zaidi ya milioni 4 katika kaunti hizi walikuwa wakihitaji msaada wa chakula, na mifugo zaidi ya milioni 2 walikuwa wamekufa. Inaniuma kukumbuka kwamba mwaka huohuo wa 2022 ndio uliokuwa umewekwa kuwa ukomo. Baada ya njaa ya 2011, wakuu wa nchi za kanda hii walikutana Nairobi mwezi Septemba, na Kenya ikaahidi kwamba ifikapo 2022 ukame hautakuwa tena dharura katika ardhi yake. Mvua haikuahidi chochote, na hakuna anayeweza kuishtaki. Ahadi tuliitoa sisi.

Nitaeleza nilichokiona mwenyewe. Katikati ya mwaka 2022, nikiwa nimeshastaafu, wazee wa kijiji kimoja kusini mwa Marsabit waliniomba niwasaidie kuandikisha mifugo wa kuuzwa katika mpango wa dharura wa ununuzi. Tulifanya kazi hiyo kwa siku tatu chini ya mgunga. Kila nyumba ilileta ng'ombe wachache, wale wazee na wasiozaa, kwa maana mfugaji hajawahi kukataa kupunguza mifugo wake akiona bei ya haki na mnunuzi wa kweli. Tuliambiwa malori yangefika baada ya wiki mbili. Yalifika baada ya wiki nane. Asubuhi ya siku hiyo vijana walikuwa wakiwainua ng'ombe kwa kuwashika mkia na pembe, na ng'ombe aliyeinuliwa alisimama akitetemeka kidogo kisha akaanguka tena. Walionunua walikataa wengi, na siwezi kuwalaumu waliokuja na malori, kwa kuwa ng'ombe asiyeweza kusimama hawezi kusafirishwa. Mama mmoja mjane niliyekuwa nimemwandikia ng'ombe wanne alikuja na mmoja. Aliniuliza kama jina lake bado limo katika daftari langu. Nilimwonyesha lilipo, na wote wawili tukanyamaza.

Fedha zilikuwapo, malori yalikuwapo, orodha ilikuwapo. Kilichokosekana ni wiki sita. Kama ng'ombe wale wangenunuliwa wangali wanatembea, familia zile zingepata fedha za kununua unga, nyasi kidogo zilizobaki zingewatosha ng'ombe wanaokamuliwa na maziwa yangeendelea kuwapo, na nyama ingeliwa na watu badala ya fisi. Tena si lazima nyama hiyo isafirishwe hadi kiwandani. Katika ukame wa miaka ya nyuma tuliwahi kuchinja papo hapo kijijini, wazee wakichagua mifugo wa kuchinjwa na kamati ya akina mama ikigawa nyama kwa shule, wagonjwa na nyumba zisizo na kitu. Sehemu nyingine ilikatwa vipande vyembamba, ikaanikwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa katika mafuta ikawa nyirinyiri, chakula ambacho hukaa miezi bila kuharibika na ambacho kila mama wa huku anajua kukitengeneza. Mpango wa namna hiyo hauhitaji utaalamu wa kutoka ng'ambo. Unahitaji fedha zitolewe katika hatua ya tahadhari, kabla ya hatua ya dharura.

Kuhusu maziwa nitasema zaidi, kwa sababu hapo ndipo njaa ya watoto huanzia na ndipo watu wengi wasipopaangalia. Nyasi za karibu zinapokwisha, vijana huondoka na mifugo kwenda kambi za mbali, ambazo wafugaji wa huku huziita fora. Wanaobaki kijijini ni wazee, akina mama na watoto wadogo. Mifugo walio fora wanaweza kuwa bado hai na wengine bado wanakamuliwa, lakini maziwa yao yako mwendo wa siku nne kutoka alipo mtoto wa miaka miwili. Kwa hiyo mzingo wa mkono wa mtoto huyo huanza kupungua mapema, kabla ya ng'ombe wa kwanza kufa. Dawa yake ninaijua kwa kuwa tuliijaribu na kuiona ikifanya kazi: kila nyumba yenye watoto wadogo isaidiwe kubakiza mbuzi wachache wanaokamuliwa, au ngamia mmoja pale wanapofugwa, na iletewe nyasi kavu na chakula cha mifugo cha kuwatosha hao tu mpaka mvua irudi. Kumlisha mbuzi anayempa mtoto maziwa ni nafuu kuliko kumtibu mtoto huyo kwa utapiamlo hospitalini, na tena humwacha nyumbani kwa mama yake.

Sasa niingie katika suala la vita, ambalo huandikwa vibaya zaidi. Husemwa kila mara kwamba ukame huleta mapigano, kana kwamba kiu humgeuza mfugaji kuwa muuaji. Mambo siyo mepesi hivyo. Katika miaka niliyofanya kazi Marsabit, wizi mwingi wa mifugo ulitokea baada ya mvua, wakati ng'ombe wana nguvu ya kuswagwa usiku kucha na vichaka vimefunga vya kumficha mwizi. Katikati ya ukame mkali, wazee wa jamii zisizopatana walikuwa wakiketi na kupangiana zamu kisimani, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba kesho huenda akawa ndiye mwombaji. Mapigano ya wakati wa ukame nayo yapo, na huwa makali, lakini hutokea pale ambapo hapakuwa na makubaliano kabla ya mifugo kuhama, hivyo vijana wenye bunduki wakakutana na vijana wengine wenye bunduki kwenye malisho ambayo hakuna aliyejua kwa hakika nani ana ruhusa ya kuyaingia.

Kinachofuata baada ya ukame ndicho kinachonitia hofu zaidi. Kijana aliyezika ng'ombe wote wa baba yake hana mahari, hana mtaji, na hana nafasi katika baraza la rika lake. Mvua ikirudi, naye akiona jirani upande wa pili wa bonde amebakiwa na mifugo, na bunduki ikiwa inapatikana, anajua njia moja ya haraka ya kuanza upya. Wapo pia wafanyabiashara wanaomsubiri na malori, na wanasiasa wanaomweleza kwamba mpaka wa kaunti au wa wadi umewekwa mahali pasipostahili. Kwa hiyo kila ng'ombe tunayemwacha afe kwa kuchelewesha fedha ni sababu ya uvamizi wa msimu ujao. Sisemi haya kuwatetea wauaji. Alfajiri ya tarehe 12 Julai 2005 kule Turbi, kijiji cha Marsabit, waliuawa watu zaidi ya 50, wakiwamo watoto wa shule, na hakuna ukame duniani unaoweza kumpa mtu udhuru wa kumuua mtoto aliyevaa sare.

Tangu hapo tumezika wengi. Aprili 2006 ndege ya kijeshi ilianguka karibu na mji wa Marsabit na kuua watu 14, wakiwamo wabunge wa eneo hili, waliokuwa wakielekea katika mkutano wa amani. Novemba 2012 askari polisi zaidi ya 40 waliuawa katika Bonde la Suguta, karibu na Baragoi, walipokuwa wakifuatilia mifugo walioibwa. Mei 2022, ukame ukiwa umekaza, Marsabit iliwekewa kafyu na msako wa silaha ukaanza. Februari 2023 Rais William Ruto aliamuru jeshi lisaidie polisi katika kaunti sita, zikiwamo Turkana, Samburu na Baringo. Serikali ina wajibu wa kuwakamata wauaji na kutwaa silaha haramu, na mwananchi aliyelala huku risasi zikipita juu ya paa hawezi kuambiwa asubiri warsha. Lakini askari, hata akiwa hodari namna gani, hawezi kufungua malisho. Anaweza kuwatenganisha watu wawili, na wakishatenganishwa, nyasi zilizo kati yao hazimnufaishi yeyote.

Hilo ndilo jambo ambalo ningependa kila mpangaji wa bajeti alione kwa macho. Kuna mabonde huku ambayo katika kilele cha ukame wa 2022 yalikuwa bado na nyasi za kufika magotini. Hayakuliwa, kwa sababu yako kati ya jamii mbili na kila upande uliogopa kuingia. Mifugo walikufa wakiwa mwendo wa siku moja kutoka kwenye malisho mazima. Tukihesabu vifo hivyo vyote kuwa ni vya ukosefu wa mvua tutakuwa tunajidanganya, kwa kuwa sehemu yake ni vifo vya ukosefu wa makubaliano.

Na makubaliano yanawezekana. Baada ya mauaji ya Turbi, Wagabra na Waborana, jamii mbili zilizokuwa zikizozana, walikutana kwa muda mrefu, na Julai 2009 wakaafikiana katika vijiji vya Maikona na Walda, wakaandika makubaliano yao pamoja na faini za anayeyavunja, kwa kufuata mila zao wenyewe. Magharibi, makubaliano ya Lokiriama ya mwaka 1973 kati ya Waturkana na Wamatheniko wa Uganda bado huadhimishwa mahali pale ambapo silaha zilizikwa. Watu hawa hawakusubiri sheria mpya. Walichohitaji ni nafasi ya kukutana, na kukutana kuna gharama zake: mafuta ya gari la kuwafikisha wazee, maji ya kunywa, mbuzi wa kuchinja, simu ya kuwafikia vijana walio fora, kwa maana mzee akikubaliana jambo bila kijana mwenye bunduki kuwapo, jambo hilo halifiki malishoni. Nimeona mkutano wa aina hii ukiahirishwa mara tatu kwa kukosa mafuta ya gari moja, kisha baada ya mauaji yakatumwa magari ishirini.

Hapa Isiolo tuna utaratibu wa Waborana uitwao dedha, ambamo wazee huyagawa malisho ya jirani na mto Ewaso Nyiro kuwa ya wakati wa mvua, ya kiangazi na ya akiba ya ukame, na mgeni anayetaka kuingia huomba kwanza. Utaratibu huo umedhoofika, na sisi watumishi wa serikali tulichangia kuudhoofisha. Mimi mwenyewe, nikiwa kijana mwenye hamu ya kuonyesha maendeleo, nilipendekeza kisima kichimbwe katika eneo ambalo wazee walikuwa wameliweka akiba. Maji yalipatikana matamu, watu wakashukuru, wakajenga, wakakaa mwaka mzima, na baada ya miaka michache akiba ile ikawa vumbi. Mzee mmoja alikuwa amenionya kabla ya mashine kufika. Sikumsikiliza kwa kuwa nilidhani analinda mamlaka yake, kumbe alikuwa akilinda nyasi. Ninaomba wahandisi wa sasa, wa kaunti na wa mashirika, wasichimbe kisima wala lambo kabla ya kuwauliza wazee wa malisho, na ninaomba Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 iharakishwe utekelezaji wake, ili wazee hao wawe na hati ya kuitegemea wanapokataa jambo.

Mambo mengine yamejaribiwa na yana faida. Bima ya mifugo, iliyoanza Marsabit mwaka 2010 na kutumia satelaiti kupima ukijani wa malisho, humlipa mfugaji bila kumtaka aonyeshe mizoga. Fedha zinazotumwa kwa nyumba maskini chini ya mpango wa kukabiliana na njaa zimewasaidia wazee wengi ninaowajua. Yote mawili yapanuliwe.

Ombi langu kwa serikali kuu, kwa magavana na kwa mabunge ya kaunti ni moja. Iwekwe katika sheria na kanuni za fedha kwamba taarifa ya ukame ya kaunti ikifika hatua ya tahadhari kwa miezi miwili mfululizo, fedha zilizotengwa zitoke zenyewe, bila kamati mpya, bila tathmini mpya, bila kungoja hotuba ya mtu yeyote. Zinunue mifugo wangali wanatembea, zipeleke nyasi kwa mbuzi wa maziwa, na zilipie mikutano ya wazee na vijana kabla ya mifugo kuhama. Sheria iliyounda Mamlaka ya Ukame ilikwisha kutaja mfuko wa dharura ya ukame. Tunahitaji mfuko huo uwe na fedha wakati jua linapoanza kukaza na ufunguliwe kwa ushahidi tulio nao tayari. Kwa sasa kinachoufungua ni picha ya mzoga kwenye televisheni.

Nawe, Mhariri, nina ombi kwako pia. Mwaka 2011 Wakenya walichanga kwa moyo mkunjufu kupitia simu zao, baada ya kuona picha za watoto wa Turkana. Wangechanga mapema zaidi, au wangewauliza viongozi wao maswali mapema zaidi, kama wangejua mapema zaidi. Gazeti lako huchapisha bei za hisa, bei za mafuta na thamani ya shilingi. Tafadhali mtume mwandishi wako mara moja kwa mwezi katika soko la Merille au la Isiolo, siku ya mnada, aulize mbuzi wa wastani ameuzwa kwa bei gani na kilo ya mahindi ni shilingi ngapi, kisha mchapishe namba hizo mbili ubavuni mwa zile za hisa. Akikosa mwenyeji wa kumpokea, nitampokea mimi.

Wako mwaminifu,
Afisa wa mifugo mstaafu, Isiolo